Usaili wa Ketty

Feni ilizimwa kwanza. Lewis alisema inanguruma mno, wakubwa wa Nairobi watashindwa kusikia. Halafu akafunga madirisha mawili ya upande wa barabara ya Ndia Kuu, akavuta mapazia, akamwonyesha Mbodze sakafu kwa kidole.

"Hapo, dadangu. Mgongo ukutani, kamera isikufikie."

Mbodze akaketi chini. Ilikuwa Februari, upepo umelala, na chumba kile cha ghorofani kikifungwa hugeuka tanuri. Alikunja miguu, akapakata kibodi. Waya wake ulipita chini ya meza ukapanda hadi kwenye kompyuta ya Ketty. Juu ya meza palikuwa na kibodi nyingine, nzuri zaidi, isiyounganishwa na kitu chochote. Hiyo ilikuwa ya Ketty kuchezeshea vidole. Kando ya kamera ilisimamishwa skrini ya pili, na lolote ambalo Mbodze angetaka lisemwe lingetokea pale kwa herufi kubwa kubwa, kwa sababu Ketty alikataa kuvaa miwani siku ya kuonekana na watu.

Zahabiya ndiye aliyeleta ule waya kutoka stoo. Kazi yake pale ofisini ilikuwa kuzijaribu programu za wenzake kabla hazijaanza kutumika, na alikuwa na macho ya kuona kosa popote lilipojificha. Aliinama, akachomeka waya, akamwona Mbodze pale chini, akaiona na skrini ya pili. Aliivuta rida yake ya Kibohora ikafunika paji la uso, akatoka. Lewis akafunga mlango kwa ufunguo.

"Haya, Ketty. Wewe tabasamu tu, mengine tuachie sisi."

"Nywele zangu ziko sawa?" Ketty akauliza.

Kampuni ya Masafa ilikuwa na malori, maghala, mizigo ya watu na sasa, kama ilivyopenda kujitangaza, ilikuwa na akili. Akili yenyewe iliwekwa Mji wa Kale wa Mombasa, katika nyumba iliyonunuliwa kwa warithi waliokuwa hawasemezani. Mlango wake wa nakshi ulipakwa vanishi hadi ukang'aa kama kiatu cha bwana harusi, na kila mgeni kutoka makao makuu alipigwa picha akiwa ameuegemea. Wahandisi wa kudumu walipita mlango huo. Kina Mbodze, walioletwa na wakala kwa mikataba mifupi, kila ukiisha waandikwe upya kama watu wasiowahi kuonekana, walipita uchochoro wa nyuma, kwenye mapipa ya taka na paka. Ndani, ukutani, paliandikwa kwa rangi ya machungwa: SISI NI FAMILIA.

Mbodze ndiye aliyeandika mfumo wa Lango. Lori la Masafa likifika yadini, mfumo hulitambua, huuangalia mzigo wake, humwambia mlinzi afungue au asifungue. Aliuandika kwenye meza ya pembeni karibu na choo, na siku ulipozinduliwa hotelini kwa keki na hotuba, vibarua hawakualikwa. Aliona picha. Kisu cha keki kilikuwa mkononi mwa Lewis.

Kisha zikatangazwa nafasi mbili za kudumu. Lewis, aliyekuwa mkuu wa idara, alimwita chemba akamweleza jambo lenyewe bila haya, kwa sauti ya mtu anayegawa sadaka. Nafasi ya kwanza ilikuwa na mwenyewe. Ketty, mtoto wa dada yake mkurugenzi, alikuwa amerudi na shahada yake, ila "ana woga wa usaili". Ya pili ingekuwa ya Mbodze, mradi amvushe Ketty.

"Usaili wako utakuwa wiki ijayo. Maswali nitayabadilisha mwenyewe. Nani mwingine nitakayemchukua kama si wewe?"

"Na nikikataa?"

"Hukatazwi kukataa. Mkataba wako unaisha lini vile?"

Mbodze hakuhitaji kukumbushwa. Wala hakumtajia Lewis habari za mamake. Mejumaa alikuwa fundi wa cherehani kule Tononoka, mkono wake una jina, na sasa mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili. Siku hizi alitunga uzi sindanoni kwa kubahatisha, akiulamba, akikosa, akiulamba tena, na wateja wake wa miaka mingi walianza kupita mlangoni wakiangalia upande wa pili. Mwajiriwa wa kudumu wa Masafa alikuwa na bima ya matibabu, na bima hiyo ilihusisha wazazi. Ni hilo tu. Alikubali kwa ajili ya hilo, na akajidharau kabla hajatoka chemba.

Skrini ikawaka. Nairobi walikuwa watu watatu lakini msemaji alikuwa mmoja, Morgan, mhandisi mkuu wa kampuni nzima, mtu wa sauti nzito na subira haba. Walizungumza Kiingereza. Ketty alikijua vizuri Kiingereza, tena cha puani. Kilichompungukia ni cha kusema.

"Tuanze na jepesi," alisema Morgan. "Dereva amelipia mafuta kwa simu. Mtandao umekatika kidogo, simu yake ikatuma ombi lile lile mara ya pili. Wewe huku umepokea maombi mawili yanayofanana. Utajuaje kwamba ni moja, usimtoze mara mbili?"

Jasho lilimwingia Mbodze machoni. Hakuwa na mkono wa kulifuta, mikono yote ilikuwa kazini. Juu yake sauti ya Ketty ikasoma polepole, kwa kusitasita kulikofanana sana na kufikiri.

"Ni kama fundi wa nguo. Akipokea kitambaa, kabla hajakikata, anakitia alama ya uzi pembeni. Kikitoka kikarudi, hata kikiletwa na mtu mwingine, anauona uzi wake, anajua hiki ni kile kile. Kila ombi lipewe alama yake huko huko kwenye simu ya dereva. Likija la pili lina alama ile ile, hatutozi tena. Tunamrudishia jibu la kwanza."

Halafu Morgan akacheka, kicheko cha mtu aliyefurahishwa bila kutarajia.

"Fundi na uzi! Nimesaili watu mwaka mzima, hakuna aliyenieleza vizuri hivi. Mfano huo umeutoa wapi?"

Swali hilo halikuwa kwenye mpango. Mbodze aliandika haraka: Mama yangu ni fundi wa cherehani. Kutoka pale chini aliona kidevu cha Ketty kikiinuka, kama mtu aliyeandaliwa sahani yenye nzi.

"Tuna fundi wetu," Ketty akasema. "Huwa anakuja nyumbani kutushonea."

"Vizuri. Hebu niandikie sasa."

Mbodze akaandika. Ketty akapapasa kibodi yake mfu, kucha zikigonga pasipo maana, na programu ikashuka kwenye skrini mstari baada ya mstari. Angeweza kuandika ya kadiri tu, ikatosha. Hilo alikuja kuliwaza baadaye, tena kwa uchungu. Lakini mkono wake haukujua kuandika ovyo, na hata pale sakafuni, mgongo umelowa na mguu umekufa ganzi, kazi ilipoanza kukaa sawa alihisi kitu kinachokaribiana na raha. Ile alama akaiita alama. Mahali pa kuhifadhia majibu akapaita kapu. Maneno hayo ya Kiswahili yalikaa katikati ya Kiingereza cha kompyuta, kama alivyozoea kuandika siku zote.

Lewis, aliyekuwa mlangoni akijifuta shingo, alimwinulia kidole gumba.

Usaili ulipokwisha Ketty alivua viatu, akanyoosha miguu. "Uwii, joto hili! Mlitaka kuniua?" Kisha akamruka Mbodze, maana alikuwa amekaa njiani, akaenda kuwasha feni.

*

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya Mbodze. Chumba kilikuwa kile kile, ila safari hii alikaa kwenye kiti. Feni iliachwa izunguke na kunguruma ipendavyo. Ketty alikuwa ameshapata barua yake, na asubuhi ile wafanyakazi walimkatia keki chini ya yale maneno ya rangi ya machungwa.

Morgan alionekana kachoka. "Tuanze na jepesi," alisema. "Dereva amelipia mafuta kwa simu. Mtandao umekatika kidogo..."

Mbodze aligeuza macho kwa Lewis, aliyekaa pembeni kama mwenyeji wa usaili. Lewis alikuwa akisoma kitu kwenye simu yake, kitu cha kupendeza, maana alikuwa akitabasamu.

Maswali hakuyabadilisha. Labda alisahau. Labda hakuwahi hata kukusudia. Mbodze alijaribu kujua lipi kati ya hayo ni dharau kubwa zaidi, na swali la Morgan likawa limekwisha.

Akajibu. Aliuacha mfano wa fundi, akazungumza kavukavu, akitafuta njia nyingine ya kufika pale pale. Alisema mtu anaweza kulinganisha saa za maombi na kiasi kilicholipwa. Alijua ni jibu bovu. Morgan alijua pia.

"Madereva wawili wakilipa kiasi kimoja kwa wakati mmoja je? Mmoja utamnyima mafuta." Alipiga miayo. "Niliambiwa wewe ndiye hodari wa huko Mombasa. Hakuna njia bora kuliko hiyo?"

Njia bora ilikuwepo. Ilikuwa yake. Alikaa akiitazama skrini tupu, na moyoni mwake kukapanda hasira baridi, si kwa Morgan, wala si kwa Lewis. Kwa yule mwanamke aliyekaa kwenye kiti anajifanya mjinga ili asifanane na nafsi yake. Kwa nini afiche chake mwenyewe? Alivuta kibodi, akaandika ile nzuri, kwa mkono wake, kwa maneno yake, tangu mwanzo hadi mwisho bila kusimama.

Alipoinua uso Morgan hakuwa akipiga miayo tena.

"Ngoja kidogo." Aligonga kitu, na skrini ikagawanyika mara mbili. Kushoto programu ya Ketty, kulia ya Mbodze. "Alama. Kapu. Hata mpangilio wa mistari. Nani amekupa majibu?"

"Hakuna aliyenipa."

"Yamekuja kwa ndoto?"

"Bwana Lewis anajua."

Lewis akaishusha simu taratibu. "Ninajua nini, dadangu?" aliuliza, kwa upole, kwa mshangao, na kwa uso safi hivi kwamba Mbodze kwa kitambo alijiuliza kama kweli aliwahi kukaa pale chini sakafuni.

"Sina nafasi ya mambo haya," Morgan akasema. "Afisa wa wafanyakazi amalizane naye." Skrini ikazimika.

*

Afisa wa wafanyakazi, Shahnaz, alikuwa mwanamke mwenye sauti laini, na mezani pake hapakukosa sanduku la karatasi za kupangusia machozi, kwa ajili ya watu aliowafukuza. Alilisogeza mbele ya Mbodze kabla hawajaanza. Mbodze akalirudisha. Lewis alikaa upande wa Shahnaz wa meza.

"Mimi nataka nikusaidie," Shahnaz alisema. "Nieleze ilivyokuwa."

"Programu zote mbili nimeziandika mimi. Siku ya usaili wa Ketty nilikuwa sakafuni kando ya meza, na kibodi mapajani. Ketty alikuwa akisoma ninachoandika."

"Kwa hiyo unakiri kwamba ulimfanyia mtu usaili?"

"Niliambiwa nifanye."

"Lakini ulifanya."

"Nilifanya."

"Huo ni udanganyifu, Mbodze. Mtu hufukuzwa kwa hilo."

"Na nikisema sikufanya?"

"Basi umeiba majibu ya mwenzako." Shahnaz alikunjua viganja. "Na hilo nalo ni udanganyifu."

"Kwa hiyo mimi ni mdanganyifu kwa njia yoyote. Na Ketty?"

"Tunakuzungumzia wewe hapa."

"Nani aliyefunga mlango kwa ufunguo? Muulize huyo."

Lewis akapumua kwa huzuni, kama mzee wa familia. "Nimemlea huyu binti tangu alipokuja, Bi Shahnaz. Kila mkataba wake ni mimi niliyempigania. Sasa angalia. Dadangu, ikiwa una shahidi, mlete, tumsikilize."

"Zahabiya aliona. Yeye ndiye aliyeleta waya."

Zahabiya akaitwa. Aliingia akatoa salamu, akaulizia hali ya kila mmoja kama ilivyo ada, akabaki amesimama ingawa kiti kilikuwepo. Shahnaz akamuuliza kama alimwona Mbodze chumbani siku ile.

"Nilipeleka waya," Zahabiya alisema, akitazama pindo la rida yake. "Kisha nikaenda zangu."

"Ulimwona Mbodze?"

Nje uchochoroni mtu alikuwa akinadi madafu. Zahabiya alisubiri sauti ile ipite, kana kwamba ndiyo iliyomzuia kujibu.

"Chumba kilikuwa na giza. Sikuona kitu."

Mwisho akaletwa Ketty, macho mekundu. Alikuwa amelia kweli. Mbodze alilitambua hilo, na likamshangaza kuliko mengine yote. Katika siku zile chache Ketty alikuwa amepongezwa na watu wengi mno hata akaanza kuamini.

"Sikutegemea mtu wa timu yangu anifanyie hivi," alisema. "Lakini mimi sina kinyongo. Nimemsamehe."

"Umesikia?" Shahnaz akamgeukia Mbodze, na uso wake ukalainika kwa uzuri wa jambo lile. "Mwenzako amekusamehe."

Mbodze alicheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka tu, kikavu, kifupi, na katika maelezo ya kikao kikaandikwa kwamba hakuonyesha majuto.

Zahabiya alimfuata uchochoroni, akamshika mkono wa buibui pale kwenye mapipa.

"Mbodze, nisamehe. Duka la mume wangu limefungwa, nina watoto. Ningesema, kesho ningekuwa hapa hapa na wewe."

"Uliniona?"

"Nilikuona."

"Na joto uliliona? Feni ilikuwa imezimwa."

Zahabiya akainamisha kichwa. Mbodze akauondoa mkono wake taratibu, si kwa hasira, kama mtu anavyojinasua na mwiba wa michongoma, akashika njia.

*

Mejumaa alikuwa barazani, anashona pindo la leso kwa vidole. Alijua hatua za mwanawe kabla hajamwona, na siku hizi kumwona kwenyewe kulikuwa ni kivuli tu.

"Waja mapema leo. Kwema?"

Mbodze alimsimulia yote, ameketi juu ya kizingiti, bila kupunguza na bila kulia. Mamake alisikiliza, mkono ukiendelea na sindano.

"Ngoja kwanza," alisema. "Ule mfano wa uzi, si ni mimi nilokufunza, ulipokuwa wanitilia alama vitambaa vya watu?"

"Ni wewe, Mama."

"Yule mwenzio akasema maneno yangu, akapawa kazi. Wewe mwanangu ukayaandika maneno ya mamako, ukafukuzwa."

"Ndiyo."

Mejumaa akafikiri. Sindano ilimchoma kidoleni, akakinyonya kidole.

"Sasa hao watu, wana kazi gani hasa?" aliuliza, kwa dhati, kwa sababu alitaka kujua.

Habari za macho hawakuzigusa, siku ile wala siku zilizofuata.

*

Alitafuta kazi. Aliandika maombi, akajaza majina ya wadhamini, akangoja. Kampuni ya ng'ambo ya Makupa, kule Changamwe, ikamwita. Alipiga pasi shungi, akapangusa viatu vyake vyeusi vya ngozi kwa mafuta ya nazi, akaenda. Kijana aliyemsaili alikuwa mcheshi, akamwagizia chai, akamsikiliza akieleza jinsi Lango linavyofanya kazi.

"Nimependa," alisema. "Ila tuliwapigia Masafa. Wamesema Lango liliandikwa na mhandisi wao, Ketty. Wamesema wewe ni hodari sana wa kunakili." Alilisema kwa utani, akingoja Mbodze naye acheke. "Maliza chai, lakini."

Chai hakuimaliza.

Alirudi kwa miguu. Barabara yote ilikuwa imekwama; malori yamepangana tangu ng'ambo, juu ya daraja la Makupa, hadi yalikokata kona kuelekea Shimanzi iliko yadi ya Masafa. Injini zimezimwa. Madereva wamelala chini ya matrela yao, wengine wamekaa juu ya madumu, vifua wazi. Alikuwa hajafika mwisho wa daraja simu ilipolia.

"Mbodze, dadangu! Salama? Mama hajambo?"

Alisimama. Ilikuwa sauti ile ile, haina hata mkunjo.

"Sema, Lewis."

"Lango limegoma tangu alfajiri. Halifungui kwa lori lolote. Ketty anajaribu, lakini unajua tena... Nairobi wananipigia kila dakika. Sasa nimezungumza na walinzi, upite nyuma, kwa uchochoro. Utaingia kwa jina la Ketty, nywila yake nitakutumia. Kibarua cha leo tu. Na mimi sitakusahau, nafasi zitatoka tena."

"Si mnaye mhandisi?"

"Hayo tuyaache. Tusaidiane."

"Mwambie amwite yule fundi wao wa nyumbani," Mbodze akasema. "Huwa anakuja kuwashonea."

Akakata simu. Kitu kilimpanda kifuani, chepesi, kitamu, ambacho hakuwa amekionja tangu Februari, na akatembea akikitafuna. Aliwaona akilini: Lewis na shingo yake yenye jasho, Ketty na kucha zake, Morgan akiuliza swali jepesi na asijibiwe. Waumie. Wakae ndani ya jengo lao la vanishi wabonyeze na kubonyeza. Alijua kosa lilipo. Kwa maelezo ya Lewis tu alikuwa ameshalijua, na kulirekebisha kusingechukua muda wa kunywa kahawa.

Kwenye kona ya Shimanzi alikutana na harufu kabla ya kuona. Lori la nyanya. Zilikuwa zimetoka Taveta jana yake zikiwahi ghala la baridi, zikapigwa na jua la kutwa, na zile za chini zilikuwa zimeanza kupasuka. Maji mekundu yalipenya kwenye mbao za trela yakadondoka lami. Dereva wake alikuwa mtu mzima, kofia ya kiua imelowa jasho, amekaa kwenye ngazi ya lori, simu mkononi.

"Dada, samahani. Wewe wajua kusoma hizi? Miwani yangu imevunjika. Kila mara yalia, yaniletea ujumbe. Huenda wameshafungua?"

Mbodze akaipokea simu. Jina la dereva lilikuwa pale juu, Mzamil. Chini yake ujumbe ulikuwa mmoja, umerudiwa na kurudiwa, kila saa na wa kwake:

Ndugu dereva, umechelewa kuingia yadini. Makato yako yameongezwa. Tunakutakia siku njema.

Alisimama akiusoma. Lango lilikuwa limekufa, lakini sehemu ya makato ilikuwa peke yake, nayo ilikuwa hai, inafanya kazi bila hitilafu, inahesabu kila lori lililo nje na kumtoza kila dereva aliyezuiwa. Haikuwa na namna ya kujua kwamba mlango wenyewe ndio uliogoma. Hakuna aliyemwagiza aifanye ijue. Lewis alileta agizo kwa mdomo siku moja, kwamba madereva ni wavivu na wakatwe kwa kila saa, naye Mbodze akaiandika kabla ya mchana, safi, bila kasoro, kwenye ile meza ya karibu na choo. "Tunakutakia siku njema" ilikuwa nyongeza yake mwenyewe. Alidhani ni adabu.

"Wasemaje?" Mzamil akauliza.

"Bado hawajafungua."

"Na huo mwingine? Mbona ni mingi hivyo?"

"Wanasema umechelewa. Wanakukata."

Mzamil alimtazama, kisha akatazama mstari wa malori ulio mbele yake, kisha akatazama lango lililofungwa kule mwisho.

"Nimechelewa wapi, dada? Si niko hapa?"

Dereva wa lori la nyuma, aliyekuwa amelala, akainua kichwa. "Ni hao watu wa kompyuta," alisema. "Wamekaa kwenye feni huko, watubonyeza kama kunguni." Akatema mate, akalala tena.

Simu ya Mbodze ikaanza kulia. Aliitoa mfukoni. Lilikuwa jina la Lewis. Makato yangeweza kuzimwa kwa mstari mmoja tu, lakini kutokea ndani, kwa uchochoro wa nyuma, kwa jina la Ketty. Na kesho Nairobi wangempongeza mhandisi wao kwa kazi nzuri. Ilikatika, ikaanza tena. Maji ya nyanya yalikuwa yamefika kwenye kiatu chake, yakawa yanaizunguka soli taratibu, na yeye hakusogeza mguu.

"Pokea simu, dada," Mzamil alimwambia, kwa upole. "Huenda ikawa ni kazi."